Matango yangu ya siki yanalainika na kubaki matupu katikati: kosa liko bustanini au jikoni?

Mama Viroba, Kitangiri

Shikamooni wakubwa, na kwa wadogo zangu salamu nyingi. Ninaishi Kitangiri, hapa Mwanza, upande wa mawe, ambako ukichimba shimo la kupanda mchicha jembe linagonga mwamba kabla halijazama kiganja kimoja. Kwa sababu hiyo bustani yangu yote imo ndani ya viroba 12 vilivyopangwa kando ya ukuta. Kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza achari ya embe na ya ndimu kwa matumizi ya nyumbani na kwa majirani wachache wanaouza chipsi, na mwaka huu mmoja wao aliniomba nimtengenezee matango madogo ya siki, yale magumu yanayolia mdomoni, kwa kuwa wateja wake wameanza kuyaulizia. Nikaona si jambo la kunishinda, maana aliyeiweza embe atashindwaje na tango. Limenishinda mara mbili.

Mbegu nilizinunua katika duka la pembejeo mjini, pakiti ya Ashley, nikazipanda mwezi wa Novemba baada ya mvua za vuli kushika. Miche iliota vizuri, ikatambaa juu ya mawe, ikatoa maua mengi ya njano ambayo wiki ya kwanza yalidondoka yote bila kuacha kitu, kisha matunda yakaanza. Maji kwetu huja kwa mgao, hivyo kuna siku niliyomwagilia mara mbili na kuna siku tatu mfululizo ambazo sikumwagilia kabisa. Kwa kuwa miche ni michache, nilikuwa nikichuma matango mawili leo na matatu kesho kutwa, nikiyaweka kwenye kapu jikoni hadi yatimie ya kujaza chupa, jambo lililochukua siku nne au tano.

Mara ya kwanza niliyafanyia kama embe: nikayakata vipande, nikayapaka chumvi na manjano, nikayaanika juani siku mbili, nikayatia kwenye mafuta na viungo. Yakawa kama ngozi ya kiatu iliyolowa. Mara ya pili niliyaacha mazima, nikachemsha siki, na kwa kuwa ilikuwa kali mno nikaichanganya kikombe kimoja kwa vikombe vitatu vya maji, nikatia chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, nikafunga. Baada ya siku kumi maji yalikuwa yamechafuka kama maji yaliyooshea mchele, kifuniko cha chupa moja kilikuwa kimevimba, na matango yenyewe ukiyabonyeza yanabonyea. Nilipoyapasua nilikuta mengi yana uwazi katikati, na mawili yalikuwa machungu kupita kiasi.

Jirani ananishauri niyaloweke kwenye shabu, ileile tunayotumia kutulizia maji ya ziwa, au kwenye chokaa, ili yakaze. Naomba mwenye ujuzi anieleze kosa langu liko wapi, na kama kuna mbegu inayofaa zaidi, kabla sijapanda tena mwezi wa Juni.


Bwana Shamba Mstaafu, Misungwi

Marahaba, dada yangu. Mambo ya jikoni nitawaachia wenyewe, ila chupa zile za mara ya pili, pamoja na zile ambazo hazikuvimba, zimwage zote leo bila kuonja hata moja.

Nilisoma kilimo Ukiriguru na nikafanya kazi ya ugani katika kanda hii hadi nilipostaafu, na kwa jinsi nilivyoyasoma maelezo yako, zaidi ya nusu ya hasara yako ilikwisha kutokea kabla hujawasha jiko. Tango la siki halitengenezwi ndani ya chupa. Chupa hulihifadhi tu jinsi lilivyoingia. Likiingia limechoka litatoka limechoka.

Nianze na mbegu, ingawa siyo kosa lako kubwa. Ashley ni mbegu nzuri, inayovumilia magonjwa ya majani, lakini ni tango la kachumbari: tunda lake limekusudiwa kufika karibu sentimita 20, lina ngozi nene, na sehemu ya katikati yenye mbegu ni pana na yenye maji mengi. Matango yaliyozalishwa kwa ajili ya siki ni mafupi, urefu wake ni kama mara tatu ya upana, yana ngozi nyembamba yenye vinundu ambayo huruhusu maji ya chumvi kupenya upesi, na nyama yake imeshikamana. Majina utakayoyakuta kwenye pakiti ni kama Boston Pickling, National Pickling au Calypso. Mengi hayapatikani katika maduka yetu ya kawaida, hivyo utalazimika kumwagiza mwenye duka akutafutie kwa waingizaji wa mbegu walioidhinishwa. Usimwombe ndugu aliyeko ng'ambo akutilie mbegu kwenye bahasha, kwa maana mbegu huweza kubeba magonjwa, na uingizaji wake unahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ukipata chotara kama Calypso, ambayo hutoa karibu maua majike matupu, pakiti yake huwa imechanganywa na mbegu chache za aina nyingine, mara nyingi zimetiwa rangi tofauti. Hizo ndizo zitakazotoa maua madume, kwa hiyo usizitupe ukidhani ni mbovu.

Hilo linanifikisha kwenye maua yako yaliyodondoka. Katika mbegu za kawaida kama Ashley, maua madume hutangulia kwa siku kadhaa, na kazi yake ikiisha hudondoka, si ugonjwa. Ua jike utalitambua kwa kitango kidogo kilichoko nyuma yake hata kabla halijachanua. Hukaa wazi siku moja tu, na katika siku hiyo linahitaji kutembelewa na nyuki mara nyingi. Chavua isipotosha, tunda hukua upande mmoja, hujikunja au hubaki na uwazi katikati. Mahali penye mawe na nyumba nyingi kama kwenu nyuki wanaweza kuwa wachache, kwa hiyo asubuhi chuma ua dume lililochanua, toa petali zake, ukaliguse katikati ya ua jike. Ua dume moja hutosha majike mawili au matatu. Kazi hiyo ya dakika kumi ikikushinda, mpe mjukuu, watoto huipenda.

Sasa maji, na hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Tango ni maji kwa zaidi ya asilimia 95. Mche ukikaushwa siku tatu halafu ukafurikishwa, tunda husimama, kisha hukua kwa pupa, na nyama ya ndani huachana. Ukavu huohuo, ukiungana na joto la mawe yenu ambayo huhifadhi jua la mchana na kulitoa usiku, huufanya mmea uongeze kemikali chungu iitwayo kukabitasini, ambayo huanzia kwenye majani na shina na kushuka kwenye tunda kupitia upande wa kikonyo. Siki haiondoi uchungu huo. Ndiyo maana nasema kwamba kwa mtu wa mgao kununua pipa ni muhimu kuliko kununua mbegu ya kigeni.

Udongo wa kwetu ulio mwingi juu ya miinuko ni luseni, mchanga uliotokana na kumomonyoka kwa miamba, nao hauhifadhi maji. Ule mweusi wa mbugani unayahifadhi mno hadi mizizi ikose hewa. Katika kila kiroba changanya ndoo mbili za luseni, ndoo moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa, na nusu ndoo ya makapi ya mpunga ambayo kwenye mashine za kukoboa hutolewa karibu bure. Toboa matundu chini. Panda mbegu tatu kwa kina cha sentimita mbili, na zikishatoa majani mawili halisi acha miche miwili iliyo bora. Juu ya udongo weka matandazo, yaani majani makavu ya kuufunika. Miche ikianza kuzaa mimi hukipa kiroba lita nne hadi tano kwa siku, nusu alfajiri na nusu jioni, na siku ambazo siwezi kuwepo hufukia chupa ya maji ya kunywa ya lita moja na nusu, mdomo chini, kifuniko kikiwa kimetobolewa kwa sindano, ili maji yadondoke polepole kwenye mizizi.

Juni ni wakati mzuri. Mvua za masika zinakuwa zimekwisha, na ile hali ya majani kuwa na mabaka ya njano yenye ukungu wa kijivu chini yake hupungua sana, ingawa ubwiri unga, ule ugonjwa wa vumbi jeupe kwenye majani, huweza kuja kwa sababu wenyewe haupendi mvua. Mche wenye batobato, yaani majani yaliyojikunja na kuwa na madoa ya kijani kibichi na njano, ung'oe mara moja, kwani hauna dawa. Nzi wa matunda utapambana nao kwa kukusanya kila tunda lililooza, kulifunga ndani ya mfuko wa plastiki na kuuacha juani wiki nzima. Kuhusu viuatilifu nina neno moja tu: dawa ambayo lebo yake inataka usubiri siku saba kabla ya kuvuna haiwezi kutumika kwa zao linalochumwa kila siku.

Na lichumwe kila siku, kweli. Tango la siki huchumwa likiwa na sentimita 7 hadi 10, alfajiri, likatwe kwa kisu na kubakizwa kipande kidogo cha kikonyo. Ukiliacha kwa sababu bado ni dogo, kesho kutwa utalikuta limekuwa jingine, na mche ukishalea tunda moja hadi likomae na kugeuka njano, hupunguza kuzaa mengine kwa kuwa umekwisha kupata mbegu uliyoitaka.


Mvuvi wa Kayenze

Naongezea jambo dogo kwa Mama wa Kitangiri. Usiyaache matango yatambae juu ya mawe, kwa sababu yataungua upande mmoja na kuwa meupe upande unaogusa jiwe. Mimi nasimamisha nguzo mbili za miti na kati yake natandaza wavu chakavu wa kuvulia sangara, wenye macho makubwa, na miche hupanda yenyewe kwa vikono vyake. Matunda hunyooka, na huyaona yote bila kuinama. Wavu wa dagaa haufai, kwa kuwa macho yake ni madogo na tunda likiota ndani yake hulitoi. Kwa matandazo natumia gugu maji nililolianika hadi likavunjika mkononi, lakini nalivuta kutoka mbali na midomo ya mifereji ya mji, na silitumii likiwa bichi kwa sababu huota tena penye unyevu.


Mpishi, Capri Point

Shikamoo mama. Nimefanya kazi ya jiko la hoteli kwa miaka 19, na matango ya siki nimeyatengeneza kwa ndoo, kwa hiyo niruhusu nianzie pale Mzee wa Misungwi alipoishia.

Embe bichi limebeba ukali wake lenyewe. Ukilikausha na kulitia chumvi na mafuta, uchachu wake wa asili ndio unaolinda, na nyama yake yenye nyuzi inastahimili jua. Tango halina uchachu wa maana na halina nyuzi. Ukilianika unalitoa maji, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakilifanya liwe gumu. Kwa hiyo utaratibu wa achari ya embe usiulete hapa, ingawa viungo vyake unaweza kuvileta, na haradali hasa inaendana nalo.

Kosa la mara ya pili ni zito zaidi kwa sababu linahusu usalama. Chakula kisicho na uchachu wa kutosha kikifungwa bila hewa kinaweza kuotesha bakteria aitwaye Clostridium botulinum, ambaye sumu yake huua na haionekani wala hainuki. Hawezi kuota pale kipimo cha uchachu kiitwacho pH, ambacho hushuka kadiri uchachu unavyoongezeka, kinapokuwa 4.6 au chini ya hapo, na kwa matango yanayomiminiwa siki njia ya kuwa na uhakika ni kutumia siki ambayo lebo yake inasema asilimia 5 ya asidi ya asetiki, isiyochanganywa na maji kupita kiasi kilekile chake, yaani lita moja kwa lita moja. Soma lebo, kwani dukani zipo pia chupa za asilimia 4. Kama ukali unakusumbua, ongeza sukari, usiongeze maji.

Ulaini una chanzo chake. Kwenye kitako cha tango, upande ule ulipokuwa ua, hukaa vimeng'enya vinavyoyeyusha ile gundi inayoshikilia nyama, na hivyo huendelea kufanya kazi ndani ya chupa. Kata kipande chembamba, milimita mbili zinatosha, kutoka upande huo wa kila tango. Usikosee ukakata upande wa kikonyo peke yake. Wenzetu wa Dodoma wanaweza kutia jani la mzabibu, ambalo husaidia kuvizuia vimeng'enya hivyo. Sisi tusio na mizabibu tukate vitako.

Jambo la pili ni lile kapu lako. Tango lililochumwa huendelea kupumua na kupoteza maji, na likikaa siku nne kwenye jiko lenye joto linakuwa na uwazi ndani hata kama lilitoka bustanini likiwa zima. Litiwe kwenye chupa siku ileile, au mwisho saa 24 baada ya kuchumwa. Kama mavuno ya siku ni machache, dawa yake ni chupa ndogo na si kapu kubwa: chupa ya nusu lita hujazwa na matango sita au saba ya saizi aliyoitaja Mzee. Na wakati wa kuyaosha, lile linaloelea kwenye beseni wakati wenzake wamezama huwa na uwazi. Lipeleke kwenye kachumbari.

Yakishaoshwa, yaloweke kwenye maji ya barafu kwa saa nne, na barafu hiyo iwe uliyoigandisha mwenyewe kwa maji yaliyochemshwa, siyo ya kule mwaloni ambayo imelaliwa na samaki. Kisha chemsha lita moja ya siki, lita moja ya maji, gramu 80 za chumvi na vijiko viwili vikubwa vya sukari. Hapa wengi hukosea chombo: sufuria zetu za alumini huliwa na siki na kuacha ladha ya chuma, kwa hiyo tumia sufuria ya chuma cha pua au ya enameli isiyobanduka. Chumvi ya mawe inafaa, lakini uipime kwa mizani na si kwa kijiko, kwa kuwa chembe zake kubwa huacha nafasi katikati. Panga matango kwenye chupa safi pamoja na kitunguu saumu, haradali, pilipili manga na mbegu za shibiti ukizipata katika maduka ya viungo, mimina maji yakiwa yanachemka, na uache nafasi ya sentimita moja na kidogo chini ya kifuniko.

Kama unataka chupa zikae kabatini badala ya friji, lazima uzichemshe zikiwa zimefungwa, zimezamishwa kabisa katika maji. Maelekezo mengi yanayosomwa mtandaoni yameandikwa kwa watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari, nayo husema dakika 10 kwa chupa ya nusu lita na 15 kwa ya lita moja. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwetu maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 badala ya 100, kwa hiyo ongeza dakika tano kwa kila moja: 15 kwa nusu lita na 20 kwa lita. Usiongeze zaidi ya hapo kwa hofu, maana utayapika. Vifuniko viwe vipya. Kile kisichozama katikati baada ya kupoa, chupa yake iwekwe kwenye friji na iliwe mapema. Yaache wiki tatu kabla ya kufungua.

Shabu haina faida kwa matango ya kumiminiwa siki, na chokaa iache kabisa: inapunguza ule uchachu ulioununua, na ya kupakia kuta si chakula.


Mkazi wa Nansio, Ukerewe

Kwa heshima zote kwa Mpishi na Mzee, naona tunamtisha mama huyu kwa mbegu za kuagiza na vifuniko vipya. Mimi hutengeneza kwa chumvi peke yake, bila tone la siki, na kwa matango hayahaya ya pakiti ya kawaida, nikiyachuma yangali madogo kama kidole cha shahada cha mwanamume. Ashley lililochumwa likiwa na sentimita 8 halijawa bado na ngozi nene wala mbegu ngumu, na mlaji hawezi kulitofautisha.

Nachukua gramu 60 za chumvi kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kwa sababu ya bomba yana klorini ambayo huchelewesha uchachu, na ya ziwa hatuyatii mdomoni bila kuchemsha. Nakata vitako, napanga matango kwenye ndoo ya plastiki ya chakula, namimina, kisha nayakandamiza kwa sahani na jiwe. Kwa mawe hatujambo: graniti yetu haiyeyuki kwenye uchachu kama lifanyavyo jiwe la chokaa la pwani, mradi lioshwe na kuchemshwa. Hakuna tango linaloruhusiwa kuchungulia nje ya maji. Kuanzia siku ya pili viputo huanza kupanda na maji kuchafuka, na katika njia hii kuchafuka huko ni dalili njema, kwa kuwa ni kazi ya bakteria wa uchachu, ndugu wa wale wanaogandisha maziwa ya mtindi. Utando mweupe wa juu nauondoa kila siku kwa kijiko. Katika joto letu la nyuzi 24 hadi 27 huwa tayari siku ya saba hadi ya kumi, kisha nayahamishia kwenye friji. Yakiteleza mkononi, yakinuka uozo au kuota ukungu wa rangi, namwaga.


Mpishi, Capri Point

Simpingi ndugu yangu wa Nansio, na kwa ladha njia yake inaishinda ya kwangu. Ila mama anataka kumpa muuza chipsi ambaye ataiweka chupa mezani barazani mchana kutwa, na matango ya chumvi yaliyotoka kwenye friji yakikaa hivyo huendelea kuchachuka na kulainika. Kwa kula nyumbani, chumvi. Kwa biashara, siki. Chumvi nayo isipunguzwe kwa kudhani inatosha, hasa miezi ya joto ya Septemba na Oktoba.


Mama Viroba, Kitangiri

Ninarudi na majibu, kwa kuwa si vizuri kuuliza na kunyamaza. Nilipanda tarehe 2 Juni, Ashley ileile kwa sababu ile ya siki haijapatikana, miche 24 kwa siku moja badala ya kuipanda kidogo kidogo kama zamani, ili matunda yaje pamoja. Pipa nilinunua. Wavu nilipewa na kaka mmoja wa Kirumba aliyecheka sana aliponiuliza ninakwenda kuvua nini. Tango la kwanza nilichuma siku ya 48, na kwa wiki tatu zilizofuata nilikuwa nikipata kati ya saba na kumi na tano kila alfajiri, nikiyatia kwenye chupa za nusu lita kabla ya saa nne asubuhi.

Nimefungua chupa nne hadi sasa. Tatu ni ngumu, na tango likikatwa linatoa mlio. Ya nne ilikuwa na matango mawili laini, nami ninakumbuka kwamba siku ile tulikuwa na wageni na vitako vilikatwa na binti yangu, ambaye huenda alikata upande wa kikonyo. Uchungu haukuonekana isipokuwa kwenye mche mmoja wa mwisho karibu na jiwe kubwa, ambao hata asubuhi husinyaa kabla ya wenzake. Ndoo ndogo ya chumvi nilijaribu pia na wajukuu waliimaliza kabla sijaihamishia kwenye friji.

Swali langu lililobaki ni kwa Mzee: je, udongo uleule wa viroba naweza kuupandia matango tena mwezi wa Oktoba?


Bwana Shamba Mstaafu, Misungwi

Matango usirudie, dada, wala maboga, wala matikiti, kwa sababu yote ni ukoo mmoja na magonjwa yake yanajuana. Panda maharage au mchicha katika viroba hivyo, na kwa matango ya Oktoba jaza viroba vingine vyenye udongo mpya. Kile kilichoko karibu na jiwe kubwa kihamishe kabisa.